Posa ya Majeshi Mawili

Niliposwa na serikali na waasi siku moja, katika sebule moja, na wote walikula mbuzi mmoja. Wanangu wakinisikia nikisimulia husema mama anatia chumvi. Sitii chumvi. Chumvi nimeiuza miaka mingi sokoni Butembo, naijua bei yake, na siwezi kuimwaga bure kwa ajili ya watu wasionunua.

Wakati ule nilikuwa msichana wa sokoni. Nilipanda mlimani Kipese kununua kabichi, viazi na puaro, vile vitunguu virefu vya majani, kisha nikateremsha mzigo mjini kwa chukudu, gari letu la mbao la magurudumu mawili linalosukumwa na mtu. Pale tunapoingilia mjini palikuwa na bariere, kizuizi cha barabarani cha jeshi la taifa. Hapo alisimama kaporali mmoja mwembamba, mtu wa mbali, magharibi kabisa ya nchi, aliyefika kwetu kwa miguu na jeshi lake. Kazi yake ilikuwa kupekua mizigo. Hakupekua kitu. Alichomoa puaro moja, akaila mbichi mbele yangu kama mtu anayetafuna muwa.

"Weye, hiyo inapikwaka!" nilimfokea.

"Likambo te," alijibu kwa Kilingala chao cha jeshi, maana yake si neno, akaendelea kutafuna huku machozi yakimtoka.

Mwanamume anayelia kwa sababu ya kitunguu na bado anakimaliza, huyo ana moyo. Ndivyo mambo yalivyoanza. Nasema wazi, nilimpenda, na sikuona sababu ya kungoja.

Aliyeona sababu ni baba yangu. Baba alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mgumu kama maharagwe yake kabla ya kulowekwa. Nilipomwambia kuna kaporali anataka kuja kunichumbia, hakuuliza dini wala kabila. Aliuliza, "Atakuya na nani?"

Nikasema hana mtu hapa, ndugu zake wako mbali.

"Mutu hapana na batu yake, njo mutu gani? Mwizi njo anatembeaka peke yake."

Kwetu msichana haombwi na mtu mmoja. Anaombwa na ukoo. Lazima awepo baba wa kusema, na shangazi wa kukaa na wanawake, kuwaambia tabia za kwao na kuangalia za kwetu. Tena kinywa kilichofungua maneno ndicho kinachoyafunga. Huwezi kuanza na huyu ukamaliza na yule, kwa sababu kesho kukitokea ugomvi katika ndoa, utamwita nani?

Kaporali wangu alirudi kambini akaeleza shida yake, na kikosi kikamwazima ukoo. Ajida wao, mkubwa wa kambi, mtu mrefu mwenye kikohozi, aliyezeeka jeshini bila kupata mtoto, alikubali kuwa baba. Tatizo likawa shangazi. Wake zao walikuwa wamebaki mbali, na kambini hapakuwa na mwanamke. Akapatikana Serija, sajini mpishi wa kikosi, mtu mnene mwenye masharubu yaliyojaa, maana walisema yeye ndiye pekee anayejua mambo ya jikoni.

Siku ya kwanza walipokuja, Serija hakuketi kwenye benchi na wanaume. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wa wanawake, akakunja miguu, akanishika mikono na kuigeuzageuza. Akaniuliza nikipungukiwa mawese nitapikaje sombe, yale majani ya muhogo. Nikamjibu. Akatikisa kichwa, akasema nitaharibu, akaanza kunifundisha. Mama yangu aliziba mdomo kwa kitenge. Shangazi zangu wa kweli walitoka nje kucheka. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye hakuwa na mchezo, alimhoji yule sajini wa jeshi la taifa kama mwanamke mwenzake: kwenu mwanamke anapigwa? Akiugua anarudishwa kwao? Serija alijibu yote kwa utulivu, akaapa kwamba kijana akinigusa, atamchapa kwa mwiko.

Walipoondoka Bibi akatoa hukumu. "Ule shangazi iko na mandevu, mais anajua kupima chumvi. Bamuache."

Baba naye aliridhika. Msidhani alidanganywa. Alijua vizuri kwamba ukoo ule ulikuwa wa kuazima. Lakini baba alitaka watu wa kuwajibika, na watu wamekuja, wamesema, wamekunywa kasiksi yetu, pombe ya ndizi. Wakapangiwa Jumamosi ya kurudi na mbuzi ili kumaliza maneno.

Kabla ya Jumamosi hiyo kufika, vita ya pili ikaanza, ile ya kwanza haijapoa. Redio ikasema wakubwa fulani wa jeshi wameiacha serikali na kuunda jeshi lao. Beni, mji jirani, ikageuka bila kelele nyingi: kambi ileile, askari walewale, ila sasa waliitwa waasi. Mama mmoja wa sokoni aliyetoka huko alituambia tofauti aliyoiona ni hii: zamani walimchukulia ndizi kwa jina la serikali, sasa wanamchukulia ndizi kwa jina la mapinduzi.

Butembo mambo yalikatika katikati. Asubuhi moja Ajida aliwapanga watu wa kambi, akawaambia wamechoka kusahauliwa na wakubwa wa mbali, anayetaka kuikomboa nchi amfuate. Nusu wakang'oa alama za serikali mabegani, wakamfuata kupanda Kipese. Serija alikataa. Alisema hawezi kubeba masufuria mlimani kwa ajili ya watu ambao hawajui hata watapika nini. Na mchumba wangu, mnataka kujua alichagua upande gani na kwa siasa gani? Alibaki na serikali kwa sababu sufuria zilibaki na serikali.

"Minabaki fasi kuko bukari," aliniambia, yaani penye ugali, na sikuweza kumlaumu.

Basi ukoo wa mume wangu ukapasuka vipande viwili: baba mkwe mwasi mlimani, shangazi mtiifu mjini. Nikamwendea baba kumwomba tumalize na Serija peke yake. Baba hakuinua hata macho kutoka kwenye mizani yake.

"Kinywa chenye kilifunguaka, njo kitafunga. Ajida iko wapi?"

"Iko Kipese, papa. Alishakuwa rebelle."

"Hata akuwe Papa wa Roma. Njo yeye aliulizaka. Akuye samedi. Kama hapana kuya, ule wa Kasindi atakuya dimanche."

Yule wa Kasindi alikuwa deklaran, mtu wa kupitisha mizigo ya wengine forodhani, pale mpakani na Uganda. Mjane, mwenye tai hata kwenye jua, na kifungua mimba wake alinizidi umri. Kila baada ya misa alimsalimia baba kwa mikono miwili, kisha akanitazama mimi kama mtu anayekadiria ushuru. Nilijua baba hatanii, na kwamba Jumamosi ikipita bila Ajida, Jumapili nimekwisha.

Kesho yake nikafunga kanga kiunoni nikapanda Kipese kumtafuta baba mkwe wangu.

Bariere ya waasi ilikuwa kamba iliyofungiwa vipande vya mfuko. Mlinzi wake nilimfahamu, juzi tu alikuwa kwenye bariere ya serikali. Akakunja uso, akanidai karatasi.

"Karatasi gani? Weye si njo ulikulaka karoti yangu ule mwezi?"

Akashusha kamba.

Nilidhani nitakuta mapinduzi. Nilikuta shamba la viazi. Watu wa Kipese hawakujua lolote kuhusu mipango ya ukombozi, lakini methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hiyo waliijua. Waasi walikuwa wamepiga kambi kwenye shamba la mama mmoja mjane, yeye akawapa chakula kwa heshima, kisha akawagawia majembe. Pale mlimani kila mtu alikuwa amepandishwa cheo. Nilitafuta askari wa kawaida nikamkosa. Viazi vilichimbwa na makapteni.

Ajida, ambaye sasa aliitwa Komanda, alikuwa mwisho wa mstari, jembe mkononi, akikohoa. Aliponiona uso ulimng'aa.

"Mutoto yangu! Bokilo banasema nini?"

Bokilo ni wakwe. Nikamweleza wakwe wanavyosema. Furaha ikamtoka.

"Nikiingia Butembo batanikamata. Pengine batanipiga risasi."

"Na mimi nikiolewa na ule muzee wa Kasindi? Baba gani anaachaka mutoto yake katikati ya maneno?"

Nilikuwa nafoka, nakiri, na makapteni wote waliacha kuchimba ili kusikiliza. Komanda alikaa chini juu ya tuta. Alisema maisha yake yote hajawahi kuitwa baba na mtu, hata kwa kusingiziwa, na siku ile sebuleni kwetu ilimfurahisha kuliko cheo chochote. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, upande wa wanawake atakaa nani.

"Si Serija."

Akaruka juu kama aliyekanyaga siafu. "Ule? Ule alibakia na sufuria yangu ya aluminiamu! Mi hapana kukaa fasi moja na ule mwanamuke!"

Nikamwacha apoe, kwa sababu nilikuwa nimeona tayari kwamba atakuja. Mtu asiyetaka kuja hagombani juu ya nani atakaa wapi.

Kambini kwa serikali nako Serija alinipokea kwa manung'uniko. Kaka yake, ndivyo alivyomwita Komanda, amewatupa, kaka yake amekimbia na watu bila hata kuaga jikoni. "Mais posa ni posa," alimalizia, akavuta masharubu, akaanza kupanga. Jumamosi hiyo alipika kwa ajili ya bariere ya serikali maharagwe yenye nyama na mawese, harufu ikafika barabarani. Walinzi wote wakageukia sufuria. Wakati huo huo Komanda wa mapinduzi akaingia Butembo akisukuma chukudu yangu, amejifunga gunia begani, bastola yake chini ya puaro. Kusukuma hakujua. Kwenye mteremko chukudu ilimshinda, ikamburura mpaka kwenye mtaro, na jeshi la ukombozi likalazimika kuokota vitunguu mbele ya watu. Nyuma yake makapteni wawili waliwaswaga mbuzi, wakijifanya hawamjui.

Mlangoni kwetu alisimama Bibi. "Bunduki zinaingia kwa jikoni. Batu banaingia kwa sebule."

Akazipokea za serikali na za waasi, akazitia chini ya gunia la maharagwe, akakalia gunia.

Safari hii mambo yalikuwa ya kumaliza, kwa hiyo ukoo wa mume ulikaa wote kwenye benchi moja. Komanda mwisho wa huku, Serija mwisho wa kule, mchumba wangu katikati akitoka jasho. Wale wawili hawakutazamana. Walikaa kama watu walioachana ambao wamekutana kwenye ubatizo wa mtoto wao. Mimi nilikuwa jikoni, jicho kwenye ufa wa mlango, kwa sababu bibi harusi hapaswi kuonekana wala kusikika wakati anapojadiliwa.

Baba akasafisha koo. "Siye hatujue vita yenu. Tunajua tu batu wenye balikuyaka. Bote biko hapa. Donc, tuendelee."

Mbuzi wakapokelewa, kila mmoja akapewa mwenyewe, wa mjomba kwa mjomba, wa bibi kwa bibi. Kisha Bibi, kutoka juu ya gunia lake, akapaza sauti na kuuliza swali ambalo kwetu huulizwa mwisho na bila jibu lake hakuna ndoa.

"Moshi ya jiko yake itatokea wapi?"

"Kipese!" akasema Komanda.

"Kwa kambi!" akasema Serija, palepale.

Baba akatazama mwisho huu wa benchi, akatazama mwisho ule. "Hii familia iko na vinywa ngapi? Mutoke inje, musikilizane, murudie na kinywa kimoja."

Ndiyo desturi. Upande wa mume ukishindwa kukubaliana hutoka nje. Wakatoka nyuma ya nyumba kwenye migomba, nami nikahamia dirishani. Mambo ya nchi hawakuyagusa. Waligombania sufuria. Serija alisema sufuria ni ya kikosi. Komanda alisema aliinunua mwenyewe sokoni Beni, shahidi ni Mungu. Mchumba wangu alijaribu kusema neno, wote wawili wakamnyamazisha, mtoto haingilii maneno ya wakubwa.

Wakarudi. "Mwezi moja kule, mwezi moja huku," alisema Komanda.

"Mutoto yangu hapana mupira," alisema baba. "Inje."

Wakatoka, wakarudi na pendekezo la pili: mimi nikae kwa baba mpaka vita iishe, mume awe ananitembelea. Baba akauliza vita itaisha lini. Hakuna aliyejua. Akawatoa tena, na walipofika mlangoni akaongeza kwamba mbuzi mmoja anachechemea.

Hapo ndipo kitu kilipobadilika. Kutoka migombani nilimsikia Komanda akisema, "Ule muzee iko mubaya kupita serikali!"

"Kupita na barebelle!" alijibu Serija.

Wakaangua kicheko, kaka na dada, mpaka Komanda akashikwa na kikohozi na Serija akampigapiga mgongoni. Hakuna kitu kinachopatanisha watu kama baba mkwe mgumu. Wakashusha sauti, sikusikia zaidi. Wakikosa jibu mara hii baba atafunga maneno, na kesho ni Jumapili.

Waliporudi, mchumba wangu alikuwa amevuliwa koti la jeshi. Alisimama na singlendi, mabega yakimtoka mifupa. Komanda akasema polepole, kinywa kimoja.

"Mutoto yetu hatakuwa kwangu. Hatakuwa na kwa shangazi yake. Atakuwa kwake. Moshi itatokea hapa Butembo, na kazi yake itakuwa kusukuma chukudu ya muke yake."

"Jeshi haitamutafuta?" aliuliza baba.

"Mimi nitasema alikimbilia kwa barebelle," alisema Serija.

"Na mimi nitasema alibakia kwa serikali," alisema Komanda.

Baba alimtazama kaporali, akatazama mikono yake. "Anajua kusukuma?"

"Atajifunza!" nilipiga kelele kutoka jikoni.

Bibi harusi hasemi. Nilisema, na sebule nzima ilicheka, na baba yangu, niliyemwona akicheka mara chache sana, akainamisha kichwa mabega yakimtikisika. Mama akapiga vigelegele. Nililia kwa furaha, na safari hii hapakuwa na kitunguu.

Mbuzi alipikwa, wakala sahani moja. Serija alilalamika kwamba chumvi haitoshi, kisha akachagua ini akalisogeza upande wa Komanda bila kumtazama. Jua lilipoanza kushuka akamgusa begani. "Kaka, enda sasa. Batu yangu banamaliza maharagwe." Na alipokuwa anainua mikono ya chukudu, Serija akamfungia juu yake sufuria ya aluminiamu. Tuliwatazama wakiagana pale njiani, mwasi na serikali, wakikumbushana nani ataleta nini siku ya kanisani.

Siku ya kanisani Komanda hakuweza kushuka. Serija alikuja, amekata masharubu kwa heshima ya padri, akasimama upande wa mama. Tukakodi chumba karibu na soko. Mume wangu alisukuma chukudu vibaya, akamwaga mizigo ya watu, akajifunza.

Kisha waasi wakateremka kuuchukua mji. Tulisikia risasi asubuhi, upande wa kambi, tukalala chini ya kitanda mimi na mume wangu. Kila mlio alitaja jina la mtu aliyekula naye. Mchana kukatulia, na mji ukawa wao.

Jioni Komanda akaja kwa baba, nasi tulikuwa tumekimbilia huko. Alikuja kwa miguu, peke yake, bila mlinzi wala bunduki. Hakupita sebuleni kama mtu aliyeshinda mji. Alivua kofia, akavua viatu, akaketi chini penye kizingiti, anavyoketi kwetu mtu aliyeleta habari ya msiba kwa wakwe.

"Papa bokilo, tumefiwa," alisema. "Dada yangu alikufa. Bengine balikimbia, yeye alikatala kuacha jiko."

Shangazi zangu, walewale waliotoka nje kumcheka, walianza kuomboleza. Baba hakuwahi kuruka hatua ya desturi hata moja, na mtu akileta msiba lazima aulizwe. Akauliza.

"Nani alimuua?"

Komanda alimtazama mume wangu, kisha akanitazama mimi.

"Ni siye," alisema.

Bibi akasogea, akamwachia nafasi kwenye mkeka upande wa wanawake, pale Serija alipoketi siku ya kwanza, na tukamlilia, ukoo mzima.